Masikio ya Kadhi Mundhir

Niwieni radhi mapema, waumini wenzangu, maana kisa hiki nitakiharibu. Sheikh aliyenisimulia alikuwa na sauti tulivu na tasbihi mkononi, na akifika penye mafunzo aliinamisha kichwa, watu wakalia. Mimi nina sauti ya mpiga mnada, na kabla sijafika penye mafunzo huwa nimeshacheka peke yangu. Lakini yeye ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kisa kimebaki kwangu. Ndiyo bahati yenu hiyo, mtanivumilia.

Basi wamepokezana wasimulizi, tena wenye ndevu za kuaminika, kwamba hapo kale katika mji wa Wadi Rumman palikuwa na kadhi mkuu aliyeitwa Mundhir bin Wahb. Msiutafute mji huo kwenye ramani. Nami nilimuuliza sheikh uko wapi, akanijibu, "Wewe unataka mafunzo au unataka nauli?"

Kabla ya Mundhir mji ulikuwa umepata makadhi wawili. Wa kwanza alikuwa mkali kupindukia, hata akamfunga jogoo aliyewika kabla ya alfajiri, kwa kosa la kuwapotosha waumini. Wa pili alikuwa mpole kupindukia. Alimsamehe mwizi wa kanzu, na mwizi akatoka barazani amevaa viatu vya kadhi. Ndipo akaja Mundhir, mtu wa kati na kati. Wakali wakamwita mlegevu, walegevu wakamwita mkali, naye akiyasikia yote mawili husema, "Alhamdulillahi, basi nimekaa mahali pangu."

Alikuwa mcha Mungu, msomi, mnyoofu. Hapokei zawadi ya mtu wala hamwogopi tajiri. Ila Mola alimwumba na hasira za karibu, na hasira hizo makazi yake yalikuwa masikioni. Akighadhibika, masikio yalianza kuwa mekundu huku juu, wekundu ukashuka taratibu mpaka kwenye ndewe. Naye alishika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kadhi asihukumu baina ya watu akiwa na ghadhabu. Kwa hiyo alimweka karani wake pembeni kwa kazi maalumu ya kuyatazama masikio. Yakigeuka rangi, karani husimama na kutangaza kwa heshima zote, "Masikio ya Bwana Kadhi yameiva. Shauri limeahirishwa."

Watu wakasema, subhanallah, uadilifu ulioje! Nao ulikuwa uadilifu kweli, mpaka siku alipokuja Ghazwani.

Huyu Ghazwani alikuwa tajiri wa mtaa wa juu, mtu wa kitambi na maneno. Bustani yake ilipakana na bustani ya Bi Rumaysa, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe mikomamanga, wala hakuwa na riziki nyingine chini ya jua. Mfereji wa maji ulipita kwanza kwa Ghazwani, kisha ukashuka kwa mjane. Ghazwani akaona bata wake wa mapambo hawana mahali pa kuogelea kwa nafasi. Akajenga ukuta wa mawe kukata mfereji, maji yakajaa kwenye birika la bata, na mikomamanga ya Bi Rumaysa ikaanza kukunja majani.

Mjane akaenda kushtaki. Alibeba tawi moja la mkomamanga, majani yake yamelegea kama mikono ya mgonjwa, akaliweka mbele ya kadhi na kueleza habari yake. Kadhi akamgeukia Ghazwani: "Una neno gani?"

Ghazwani hakuwa na neno, maana ukuta ulionekana hata kwa kipofu. Akababaika, na katika kubabaika ulimi ukamteleza. "Neno langu," akasema, "ni kwamba sitaki kuhukumiwa na mtu aliyefunga kilemba kama bandeji ya kidonda cha punda!"

Baraza zima likamgeukia kadhi. Kadhi hakujibu, lakini masikio yalijibu. Karani akasimama: "Yameiva. Limeahirishwa."

Ghazwani akatoka nje ameduwaa, kama mtu aliyejikwaa na kuokota pete. Alikuwa amekuja kushindwa, akaondoka na maji yake. Alipofika kwenye kona ya msikiti akaanza kutabasamu.

Mkishajua hivyo, mnajua na yaliyofuata. Kikao kilichofuata Bi Rumaysa alikuja na tawi lenye majani ya manjano. Ghazwani hakungoja hata kuulizwa. "Assalamu alaikum, Bwana Kadhi. Mbona pua yako iliingia barazani mapema hivi, wewe mwenyewe ukafuata baadaye?" Yameiva, limeahirishwa. Kikao kingine akamwambia kwamba siku aliyozaliwa, mkunga alimwomba mama yake radhi. Siku hiyo karani hakuhitaji hata kutazama. Watu wa safu ya nyuma walisema waliona mwanga.

Mtauliza, mbona hakumfunga kwa kumvunjia heshima? Kadhi alisema: hilo ni shauri langu mwenyewe, tena nina hasira, nitalihukumuje? Mbona shauri hakulipeleka kwa kadhi mwingine? Kadhi mwingine alikuwa ng'ambo ya jangwa, na mikomamanga haina miguu.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo penye mtego wa Iblis, na ni mtego mzuri, umetengenezwa na fundi. Kila jioni Kadhi Mundhir alirudi nyumbani akiwa na raha moyoni. Alinawa, akaketi mbele ya sahani ya chakula, akamwambia mkewe Bibi Lubaba, "Leo tena nimetukanwa, na leo tena nimejizuia nisihukumu kwa hasira. Allah anitakabalie."

Bibi Lubaba alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila yale machache alikuwa anayanoa. Akamwuliza, "Na yule mjane, Allah amemtakabalia nini?"

"Shauri lake limeahirishwa."

"Bwana, nimepita kwake leo. Ucha Mungu wako umenawiri, bustani yake imekauka. Naona mmoja anakunywa maji ya mwenzake."

Kadhi akajipapasa ndewe. Masikio yakataka kuanza.

"Unaona?" akasema Bibi Lubaba. "Mtu anasema pua, na wewe unawaka kama jiko. Anakuwasha kwa sababu hujazoea. Barazani wanakuita mheshimiwa, msikitini wanakupisha, sokoni wanakubebea kapu. Nani amewahi kukwambia ukweli? Keti hapo."

"Nimeketi."

"Keti vizuri. Tunaanza na kilemba. Si kweli kwamba kimefungwa kama kidonda cha punda. Kidonda cha punda hufungwa na mtu anayetazama anachofanya."

"Lubaba!"

"La pili. Usiku unakoroma, tena si kukoroma kwa watu wa kawaida. Wewe unatoa herufi zote za kooni, kila moja kwa makhraji yake, kama mwalimu wa Kurani. Jirani alikuja kuniuliza kama tuna darsa ya usiku."

"Lubaba, mche Mungu!"

"Namcha, ndiyo maana sisemi uongo. La tatu. Mji mzima unakusifu kuwa mtu wa wastani. Kwenye sahani hii, Bwana, kuku ni mmoja, mapaja ni mawili, na tangu unioe sijawahi kujua paja la kuku lina ladha gani. Huo wastani wako unauacha barazani pamoja na viatu?"

Masikio yalikuwa yamekwisha kuiva pande zote. Lakini kadhi, kwa kuwa alikuwa mkweli, alijiuliza kimoyomoyo: katika haya, lipi ni la uongo? Akatafuta, hakulipata. Akakumbuka lile paja la jana. Bega likaanza kumtikisika, kisha tumbo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kadhi Mundhir bin Wahb akajicheka, mpaka machozi yakalowesha ndevu. Bibi Lubaba akamwongezea mengine ya akiba, maana mke hakosi akiba. Masikio yakapoa.

Kikao kilichofuata Ghazwani aliingia kifua mbele. "Bwana Kadhi," akaanza, "kilemba chako..."

"Kama kidonda cha punda," kadhi akamalizia. "Nyumbani wameshaliangalia hilo, wakaona punda ameonewa. Endelea."

Ghazwani akapepesa macho. "Pua yako..."

"Ni ndefu. Nakiri. Endelea."

Karani alisogea kuyachungulia masikio kwa karibu. Yalikuwa baridi kama maji ya mtungi. Ghazwani jasho likamtoka; akaona birika linakauka na bata wake wanatembea kwa miguu. Akakusanya nguvu zake zote, akapiga kelele: "Unajidai mtu wa wastani, na tumbo hilo!"

"Ah," kadhi akasema, "hapo umekaribia. Kuku alikuwa mmoja, nami nilikula mapaja yote mawili." Akataka kuendelea kwa utulivu, lakini akakumbuka uso wa Lubaba, akakumbuka darsa ya usiku, na cheko likampasuka. Akacheka, karani akacheka, askari wa mlangoni akaangusha mkuki.

Ghazwani hakuwa mjinga. Akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ahirisha! Mafakihi wamesema, kadhi asihukumu akiwa na hasira, wala akiwa na furaha iliyopita kiasi! Mtazameni! Hii si furaha iliyopita kiasi?"

Na walahi, alikuwa sahihi. Kadhi akajaribu kunyamaza. Akakumbuka kaburi, akakumbuka malaika wake Munkari na Nakiri, akakumbuka Siku ya Hesabu. Kila alipofika Siku ya Hesabu yakaletwa mapaja ya kuku kutoa ushahidi, akaanza upya. Karani akasimama, machozi yakimtiririka, akafungua kinywa kutangaza.

Ukimtoa Ghazwani, mtu mmoja tu barazani hakucheka. Bi Rumaysa aliinuka akaenda mbele, akaweka tawi lake. Halikuwa na jani hata moja. Akalishika huku na huku, akalivunja. Likalia *ka!* kama kuni.

"Bwana Kadhi," akasema, wala hakupaza sauti, "siku ulizokasirika nilirudi nyumbani. Leo umecheka, naambiwa nirudi nyumbani. Nitajieni siku ambayo Bwana Kadhi hatakuwa mtu, nije siku hiyo."

Kicheko kikakatika kama mfereji ule. Kadhi alitazama vile vipande viwili vya tawi, na macho yake yakajaa. Ghazwani akainua kidole, akitaka kusema kitu.

"Najua, Ghazwani," kadhi akasema. "Huzuni nayo mafakihi wameiandika. Kaa chini."

Ghazwani akakaa.

"Enyi watu," kadhi akasema, "nilidhani najizuia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kumbe nilikuwa nailinda sifa yangu, na mama huyu ndiye aliyekuwa akiigharamia. Moyo wangu ni mzigo wangu; kuutuliza ni kazi yangu, wala si kazi yake kungoja." Akafumba macho, akaomba maghfira, akakaa kimya mpaka pumzi zake zikawa sawa. Kisha akahukumu.

Ukuta ubomolewe kabla ya alasiri, na Ghazwani aubomoe kwa mikono yake. Maji yapite kwa zamu kama zamani, na Ghazwani asinyimwe zamu yake, kwa kuwa bata hawana kosa. Mpaka mikomamanga itoe majani mapya, Ghazwani achote maji birikani na kuimwagilia kwa ndoo. "Na kwa kuwa ucheleweshaji huu," akaongeza, "nusu ni ulimi wake na nusu ni masikio yangu, ndoo itabebwa kwa mti, yeye ncha moja na mimi ncha ya pili."

Wakali wakanung'unika kwamba angepigwa mijeledi. Walegevu wakanung'unika kwamba ndoo ni adhabu kubwa mno kwa mtu mwenye kitambi. Kadhi akasema, "Alhamdulillahi."

Basi watu wa Wadi Rumman wakaona ajabu kila asubuhi: kadhi mkuu na mshtakiwa wake wanapanda na kushuka mtaani, ndoo ikining'inia katikati. Siku za mwanzo Ghazwani alimtukana njia nzima, na kadhi akawa anamsahihisha matusi. Baadaye pumzi zilimwishia. Baadaye zaidi akawa akimwuliza Bi Rumaysa mti upi una kiu kuliko mwenzake. Na siku chipukizi la kwanza lilipotokeza, jekundu kama masikio ya mtu tunayemjua, inasemekana aliyepiga takbira kwanza ni Ghazwani.

Kadhi Mundhir alikaa kwenye kiti chake mpaka uzeeni, na hukumu ile ikawa sheria ya mji: kadhi ambaye moyo wake umemchelewesha mwenye haki, hasara aibebe kadhi. Tangu hapo makadhi wa Wadi Rumman wakawa watu wa hasira chache sana. Na alipofariki, wazee walipotafuta wa kumrithi, hawakwenda kuwauliza walimu wa mgombea. Walikwenda kumwuliza mkewe. Wagombea kadhaa waliposikia hivyo walikumbuka wana safari.

Hili ndilo fundisho, nami nalisema haraka kabla sijacheka: mtu anaweza kujivika subira kumbe anaikalisha haki ya mwenzake juani. Subira ya kweli ni ile inayokutaabisha wewe. Ikimtaabisha jirani yako peke yake, itazame vizuri, huenda ina jina lingine. Mola atujaalie nyoyo zilizotulia, na majumbani mwetu watu wa kutuambia ukweli.

Nanyi kama nimewaudhi kwa jinsi nilivyokisimulia, msinihukumu leo, mna hasira. Kama nimewachekesha, msinihukumu vilevile. Subirini mtulie kabisa, kisha nipeni habari mapema, nije niwatukane. Maana katika kisa hiki nilijitafuta kwa kadhi sikujiona, nikajikuta nimekaa kwa Ghazwani, na bata wangu.