Ikipanda Haipigi

Paa! Mlio mmoja tu, usiku, kwenye mteremko, na mwanamke aliyekuwa akipasha mboga akajua mume wake amefika.

Mume huyo, ndugu zangu, alikuwa dereva wa bodaboda. Abiria walimpenda kwa upole wake. Lakini kila aliposhuka kuelekea kwake na kuachia resi, ekzosi ililipuka. Na akishaingia ndani alilipuka yeye, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mlango, kwa sababu yoyote. Mke alikuwa amechoka. Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Dereva akaipeleka pikipiki kwa fundi.

"Kituo kile kinauza mafuta mabovu," akasema.

Fundi akacheka. "Kila anayekuja hapa, mwenye kosa ni mafuta. Kaka, ikipanda mlima inapiga?"

"Haipigi."

"Ukiachia resi?"

"Hapo ndipo inaponiaibisha. Siku hizi nashuka na resi mkononi, breki nimekanyaga."

"Ndiyo maana breki zako zinanuka. Sikia. Ukiachia resi, mafuta kidogo hupita kwenye injini bila kuungua. Na gasketi hii ya shingo ya ekzosi imekufa, hewa inapenya hapa. Vikikutana humu kwenye bomba la moto, mafuta yanawaka mahali pasipo pake."

Gasketi ikabadilishwa, kabureta ikarekebishwa. Jioni ile dereva akashuka mteremko kimya kabisa. Akaingia ndani, akaonja mboga, akabamiza bakuli mezani. "Hii nayo ni mboga?"

Mke akavuta begi. "Pikipiki imepona," akasema. "Umebaki wewe."

Ndugu zangu, ni kitu gani kilipita ndani ya mtu huyu bila kuungua? Wawili hawa walimzika mtoto wao wa kwanza, masika ya mwaka juzi. Kabla ya hapo mtaa mzima uliwaita kwa jina la mtoto, Baba fulani, Mama fulani, kama tunavyoitana sote hapa. Baada ya mazishi watu wakawaonea huruma, wakaliacha jina. Wakawa "dereva" na "dada". Wao wenyewe wakaitana "wewe". Na asubuhi iliyofuata mazishi, mume akarudi barabarani.

Tusimcheke. Sisi nasi tumeshika resi. Tunaongeza kazi, tunaongeza safari, tunaongeza hata vikao vya kanisa, tukiogopa mteremko wa nyumbani, mahali ambapo mkono lazima uachie. Na yale yasiyoungua ndani yetu yanawaunguza wanaotungojea na chakula. Nani kati yetu ana jina lisilotajwa tena mezani? Tulitaje leo. Mungu aliyetupatia watoto wale hakutuagiza tuwasahau, na machozi yanayomwagika mahali pake hayachomi nyumba.

Hata yule dereva aliweza. Mke alikuwa keshafika mlangoni, begi mkononi. Mume akafungua kinywa apige kelele, kelele haikuja. Akakaa chini, mikono imelegea juu ya magoti.

"Usiende," akasema. Kisha, taratibu: "Usiende, Mama Atupele."