Shimo la Matofali na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni karibu, na anayetaka kujikuna ajikune sasa, maana nikishaanza mtajikuna wote.

Huko Mtopeni, kijiji cha wakulima wa mpunga, mtoto hapewi jina mpaka avuke masika yake ya kwanza. Kabla ya hapo huitwa Mgeni, kwa sababu mgeni huenda akaaga. Wageni wawili wa Sikudhani walishaaga, wote kwa malaria. Alipomzaa wa tatu, binti, na mvua ya kwanza ikagonga bati, Sikudhani alishtuka hadi chai ikammwagikia mapajani.

Lakini alikuwa na watu wake. Wifi yake, Havijawa, alikuwa na sikio la kumsikia mbu katikati ya ngoma ya harusi. Dada yake, Semeni, alikuwa na mkono mpole. Samaki akishikwa naye husahau kufa. Mama mkwe wake, Bi Chausiku, alikuwa na pua ya kunusa homa kabla homa yenyewe haijajijua.

Jioni moja Havijawa akainua kidole. "Nyamazeni! Mbu hawa hawatoki mashambani. Wanatoka nyuma ya nyumba."

Akaufuata mlio mpaka kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali ya nyumba ile ile. Akafunua nyasi: maji yalikuwa yanachemka viluwiluwi vya mbu! Sikudhani akaketi chini, pu! Ukuta uliomkinga mwanawe na shimo lililomwinda vilikuwa udongo mmoja.

"Lifukieni!" akalia.

"Kwa udongo gani, mdogo wangu? Kote ni tope," akasema Semeni. Akaenda bwawani, akarudi na ndoo kichwani, perege wadogo wakirukaruka ndani. Na Semeni huyo, jamani, hajawahi kumwona samaki asimwulizie ugali! Njia nzima alimeza mate, na hakula hata mmoja. Akawamwaga shimoni, wakavivamia viluwiluwi kama wageni wa harusi waliocheleweshewa pilau. Siku chache tu, mlio ukafifia.

Kumbe mbu mmoja alikuwa ameshatangulia kumuuma mtoto. Asubuhi moja Bi Chausiku alimbeba mjukuu wake akicheka, akamnusa utosini, uso ukambadilika.

"Sikudhani, jifunge kanga. Zahanati, sasa hivi!"

"Mama, mbona hana joto?"

"Liko njiani. Mbio!"

Muuguzi alipopima damu, malaria ilikuwemo. Mtoto akapewa dawa kabla degedege halijapiga hodi.

Masika yakaisha, Mgeni akabaki. Watu wakaja kula wali wa jina. Na jina hilo si pambo: somo wa mtoto, yule ambaye mtoto amepewa jina lake, ndiye humlinda masika yote yajayo, na wengine hukaa kando, maana kumlinda mtoto wa somo mwingine ni kumtukana somo wake.

"Bila sikio langu, shimo lingekuwa linatotoa hadi leo," akasema Havijawa.

"Bila samaki wangu, ungekuwa unalisikiliza hadi leo!" akajibu Semeni.

Bi Chausiku akapenga kamasi taratibu. "Na bila pua hii, mngebishania makaburini."

Watu wakaangua kicheko. Sikudhani hakucheka. Kiangazi kitalikausha shimo na perege watakufa, na hata likifukiwa, matofali mapya yatachimbiwa jingine. Akichagua pua, nani ataleta perege wengine? Akichagua mkono, nani atasikia? Akichagua sikio, nani atanusa? Akambana mwanawe kifuani. Juu ya utosi wa mtoto, ngiii... akapita mbu.

Haya, nyinyi mnaojikuna! Mtoto yuko mikononi mwako, watatu wanakutazama, na mawingu hayasubiri. Ungetaja jina la nani?