Mgeni wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua na kupika majikoni, Bi Kindi alibaki peke yake ukingoni mwa kijito. Majirani zake walikuwa wamehama kwa uvundo. Kifaru na Nyati, waliokaa juu mlimani, walimwaga taka zao zote majini, bwata! bwata!

Bi Kindi alifukia maganda yake shimoni. Nyati akamcheka, "Kishimo hicho kitasaidia nini?"

Na kweli, wanangu, hakikusaidia. Kijito kilizidi kunuka, naye hakuwa na wa kumuuliza hata ameamkaje. Upweke ulimuuma.

Asubuhi moja ya baridi Kifaru alipita, akaona mvuke unafuka shimoni.

"Bi Kindi, nani anapumua humo?"

Kindi akafikiri upesi. "Mgeni wangu, Mzee Kifaru. Hasemi, hatoki, anakula tu. Makopo hataki. Yeye ni maganda na majani, na humpa zawadi kila anayemlisha."

Basi nani aende kwa mgeni mikono mitupu? Kesho yake, hodi! Kifaru huyo, na kapu la maganda ya ndizi. Nyati naye akaleta makapi ya mahindi. Wakawa wanakuja kila siku, wanakunywa uji, wanapiga soga. Bi Kindi alifurahi hata akasahau kuwa amewadanganya.

Mwishowe Nyati akachoka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa kiangazi kizima."

Akachimba, chwa! chwa! Hamna mgeni. Udongo mweusi tu wa maganda yaliyooza, mwororo, na nyungunyungu.

"Umetuongopea," Kifaru akanguruma.

"Nimewaongopea. Lakini tazameni kijito."

Wakatazama. Maji yalikuwa maangavu, changarawe zinaonekana.

"Kishimo changu peke yake hakikuweza," Kindi akasema. "Yamesafika kwa sababu hamkutupa. Na udongo huo ndiyo zawadi, mkapandie mboga."

Kifaru akaunusa, hasira zikamtoka. "Basi tuendelee kukuletea hapa?"

Bi Kindi alitamani sana kusema ndiyo. Akakitazama kijito.

"Hapana, Mzee wangu. Mvua zikinyesha njia haipitiki, mtatupa majini tena. Kila mtu achimbe kwake."

Wakaenda, wakachimba. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga hodi tena, na Bi Kindi alichota maji safi, akayanywa peke yake.

Ndiyo hivyo, wanangu: shimo la mmoja halisafishi kijito, bali shimo la kila nyumba.