Nani Aliyemfungua Kinywa Godeliva

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana kisa hiki mimi sikimalizi. Nitakifikisha mahali, nitakitua chini, na mmoja wenu atakibeba. Mmekubali? Haya. Msije mkanigeuka.

Palikuwa na shule ya sekondari katika mji mmoja wa mpakani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi. Katika kidato cha kwanza cha shule ile walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Obedi, mtoto wa fundi viatu. Kipaji chake kilikuwa sauti. Obedi akisoma hata tangazo la kikao cha wazazi, watu waliacha kutafuna wakasikiliza.

Wa pili ni Mwamini. Huyu kipaji chake kilikuwa kuaminika. Ukimpa siri umeizika, na juu yake umepanda mahindi. Mama yake mwenyewe alikuwa akisema, "Huyu mtoto hata nikimchapa haniambii nani kavunja chungu."

Wa tatu ni mwalimu wao wa fasihi, Mwalimu Leokadia. Walimu wengi, nanyi mnawajua, huuliza swali wakajijibu wenyewe kabla mtoto hajapumua. Leokadia aliuliza, kisha akafunga mdomo. Angeweza kusimama kimya mpaka kengele ikalia. Wanafunzi walikiogopa kimya chake kuliko fimbo za wengine.

Na alikuwapo Godeliva, msichana wa miaka kumi na minne, aliyekaa dawati moja na Mwamini. Mwaka mzima hakutamka neno darasani. Akiitwa jina alinyoosha mkono, basi. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa kwa ukoo wa mwenye nyumba waliyopanga, mzee aliyekubali kuitwa mjomba. Ukweli ni kwamba yeye na mama yake walitoka kambini bila kibali. Na sheria ya kule ilikuwa fupi: anayekamatwa nje ya kambi anarudishwa kambini, na kambi yenyewe ilikuwa inafungwa. Kila wiki malori yalikuwa yakiwavusha watu mpaka, kuwarudisha kulekule walikokimbia. Godeliva alimwambia Mwamini peke yake. Mwamini akaizika.

Sasa ikaja riwaya. Ilikuwa riwaya ya wakimbizi: mama mmoja na watoto wake watatu wanakimbia vita, wanatembea, wanafika mtoni. Wanafunzi arobaini na mbili, kitabu kimoja. Mwalimu Leokadia alikaa nacho jioni moja, akakipasua mgongo kwa wembe, akakigawa vipande saba, akashona kila kipande kwa uzi wa gunia. Kila kundi likapata kipande chake, wakamaliza, wakabadilishana. Wengine walisoma mto kabla ya vita, wengine walizika watu ambao hawajazaliwa. Lakini walisoma.

Katika kujadili, mwalimu aliweka kiti kimoja mbele ya darasa, akakiita kiti cha mhusika. Anayekikalia si mwanafunzi tena. Ni mmoja wa watu wa kitabuni, na anasema "mimi". Wenzake wanamuuliza, naye anajibu. Watoto walikipenda mno kiti kile. Kuna mmoja alikikalia kama askari wa mpakani, akajibu kwa ukali hadi akajitisha mwenyewe.

Sikilizeni sasa jinsi Godeliva alivyofunguka, na mpime vizuri, maana hapo ndipo penye kesi.

Obedi alisoma sura ya mto. Aliisoma polepole, bila mbwembwe. Alipofika pale mama anapohesabu watoto wake ng'ambo na hesabu inakataa, Godeliva alilaza kichwa kwenye dawati, mabega yakamtetemeka. Tangu aingie shule ile hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Mwamini alimfuata kisimani siku hiyo. Godeliva akamwambia, "Mwamini, nina maneno yamenijaa hapa. Yatanisonga." Mwamini akafikiri, kisha akasema, "Si kuna kile kiti? Kaa pale useme yote. Watadhani unaigiza. Nani atajua?" Godeliva alimwamini, kwa sababu hakuwahi kumsikia Mwamini akikosea jambo la siri.

Mwalimu Leokadia, naye, aliuliza swali. Godeliva alikwenda kukaa kwenye kile kiti. Mwalimu akamuuliza, "Wewe ni dada mkubwa wa kitabuni. Siku mliyoondoka, uliacha nini ukidhani utarudi kukichukua?" Kisha akanyamaza. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mwalimu mwingine angesema, "Haya, mwanangu, rudi ukae." Leokadia alisubiri.

Godeliva akasema.

"Mimi niliacha maharage jikoni. Yalikuwa bado mabichi. Mama aliniambia nifukie moto kwa majivu, tutarudi jioni. Mdogo wangu Fideli akachukua mfuniko wa sufuria, akasema tukirudi bila mfuniko kuku watayala. Ni mtoto, hakujua kwamba mfuniko unaachwa juu ya sufuria. Aliubeba siku nne. Tulipovuka mto nilimshika mkono huu, na mkono wake mwingine ulishika mfuniko. Nikamwambia, 'Fideli, uachie, unishike kwa mikono miwili.' Hakuuachia."

Hakuna aliyemuuliza swali. Obedi alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati.

Lakini sijawaambia kwamba siku ile palikuwa na mgeni. Afisa wa elimu alikuja kukagua, akakaa nyuma kabisa na kalamu yake. Mwalimu angeweza kufuta kipindi cha kiti. Hakufuta, maana alitaka mgeni aone kazi ya watoto wake. Mgeni, kwa kweli, alikuwa mtu mwema. Kalamu yenyewe ilikuwa imemlegea mkononi. Akauliza kwa upole, "Binti, hayo yako ukurasa gani?" Godeliva akaanza kuinuka kitini. Ndipo Obedi, aliyekijua kitabu kile kipande kwa kipande, akasimama na fahari yote ya kumsifu mwenzake: "Hayamo kitabuni, mheshimiwa. Ni yake mwenyewe."

Afisa alipiga makofi. Kabla ya kuondoka alitoa fomu mkobani. "Shule itakayoonyesha usomaji bora wilayani itapewa vitabu arobaini, riwaya mpya, na kabati lake. Nimeshaamua ni hii. Mlangoni pa kabati patakuwa na kibao chenye jina la mtu mmoja aliyefanikisha. Nijazieni hapa: ni nani aliyemfanya mtoto huyu aseme?" Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu. Akawapa wiki mbili.

Wiki ya kwanza waliligombea lile jina, na mimi siwalaumu. Obedi alisema, "Bila sauti yangu asingelia, na asiyelia hasemi." Mwamini akasema, "Kulia alilia, lakini nani alimwonyesha pa kusemea?" Mwalimu Leokadia, mtu mzima kabisa, na yeye akasikika akimwambia mkuu wa shule, "Kiti ni changu, swali ni langu, na kile kimya je? Nani mwingine angekivumilia?" Mkuu wa shule alikuna kichwa akasema wakaelewane wenyewe.

Wiki hiyohiyo taarifa ya afisa ilipanda ngazi. Ilikuwa taarifa ya sifa tupu. Aliandika kwamba shule hii imefundisha riwaya vizuri hadi mwanafunzi mmoja ameshuhudia maisha yake ya ukimbizi, akamtaja kwa jina, ili asifiwe. Wakubwa wakasoma, wakasifu, na mmoja wao akauliza: mkimbizi huyo anasoma mjini kwa kibali gani?

Jumatatu walikuja watu wawili na gari. Godeliva alichukuliwa darasani, kipande cha nne cha riwaya kikabaki wazi juu ya dawati. Mama yake walikuwa wameshamtoa nyumbani, yumo garini. Mwalimu Leokadia alikimbilia dirisha la gari, akasema, "Mama Godeliva, nisamehe. Mimi nilitaka tu mtoto aseme. Nilidhani anaumwa na ukimya."

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Mwalimu, ukimya nilimfundisha mimi. Mwaka mzima nilikuwa nashukuru Mungu kila jioni kwamba mwanangu amerudi na hajasema kitu."

Gari likaondoka. Mwamini alikwenda kambini Jumamosi, kwa miguu. Akaambiwa lori la Alhamisi limeshavuka. Aliuliza lilishukia wapi. Hakuna aliyejua, na mpaka leo ninapowasimulia hakuna anayejua.

Wiki ya pili, wenzangu, kibao kile kilikosa mwenyewe. Watu walewale watatu, maneno yaleyale, ila sasa kila mmoja alimsukumia mwenzake. "Mimi nilisoma tu kilichoandikwa," alisema Obedi. Mwamini akamgeukia: "Na 'ni yake mwenyewe' iliandikwa ukurasa gani?" Obedi akamjibu, "Wewe ulijua, Mwamini! Sisi hatukujua kitu. Wewe ulijua, na bado ukampeleka kwenye kiti!" Mwamini alilia hadi akatapika. Mwalimu Leokadia aliwatuliza, akawaambia kosa ni lake, hakupaswa kufanya kipindi kile mbele ya mgeni. Lakini fomu ilipowekwa mbele yake, mkono wake haukuandika jina lake.

Obedi akasema, "Basi tuandike Godeliva. Yeye ndiye aliyesema."

Mkuu wa shule akafungua daftari la mahudhurio. Jina la Godeliva lilikuwa limepigwa mstari kwa wino mwekundu, kwa amri. "Fomu inakubali waliomo kwenye daftari tu," akasema. "Na mkiiacha tupu, vitabu vinakwenda shule nyingine. Watoto arobaini na mmoja hawa wataendelea kusoma vipande."

Arobaini na mmoja. Hata hesabu yao imeshakaa sawa bila yeye.

Siku ya mwisho ya fomu ni kesho. Usipoandika jina, watoto hawana vitabu. Ukiliandika, umemtaja mtu, na kila atakayefungua kabati lile miaka yote atasoma kwamba huyu ndiye aliyemfanya Godeliva aseme. Mwenye sauti asingesoma vile, Godeliva asingelia. Mwenye siri asingemwonyesha kiti, asingekikalia. Mwenye kimya asingesubiri, angerudi kukaa mahali pake na leo angekuwa anasoma kipande cha tano.

Nimefika pale nilipowaambia nitakitua chini. Usitazame pembeni, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa. Ni wewe ninayekuuliza. Kalamu iko mezani na mstari ni mmoja. Je, ungeandika jina la nani?