Kasuku wa Neno Moja

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani huyo kajibu na mhogo mdomoni? Faki, meza kwanza. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Hadithi iko mlangoni."

"Ipite, ikae, itusemeze!"

Haya. Mkasi, kisukume ndani hicho kijinga cha moto, moshi unaniingia machoni. Na wewe tangu asubuhi unaniimbia, Bibi nataka kasuku, Bibi nataka kasuku. Nimesikia. Kaa hapa miguuni pangu. Leo nakupa kasuku.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walikuwa na agano lao. Mnyama wa porini haingii nyumba ya mtu mpaka apige hodi. Akipiga hodi asijibiwe, anageuza njia, anakwenda zake. Akijibiwa karibu, basi ni mgeni, na mgeni hazuiwi. Mmelishika hilo?

"Tumelishika!"

Lishikeni vizuri, maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Basi kulikuwa na mtu jina lake Mwinyikombo, na mkewe Kidawa, na kitoto chao cha kike, Mashavu, bado hata kukaa hajakaa. Siku moja Mwinyikombo kaenda kwa jumbe. Kufika mlangoni, kapiga hodi. Kasikia juu, "Karibu! Karibu!" Kutazama, ndege! Kasuku wa jumbe, mkia mwekundu kama kaa la moto. Watu wanacheka, wanamsifu jumbe. Mwinyikombo kurudi kwake chakula hakimpiti.

"Kidawa, nataka kasuku."

"Wa nini, mume wangu?"

"Akaribishe wageni."

"Na mimi nina mdomo wa nini?"

Mwinyikombo kaingia msituni, kapanda mti mrefu wenye shimo, katia mkono, katoa kinda. Kinda hata kusema bado mama yake hajamfunza. Mama wa kinda huyo hapo, juu ya tawi.

"Mwanadamu, umemchukua mwanangu. Niambie basi, anakula nini?"

"Kitakachobaki chunguni."

"Ataishi mpaka lini?"

"Aa! Ndege tu huyo. Mvua mbili, tatu."

"Na nani atasema naye? Sisi hatukai peke yetu. Alfajiri tunaitana, jioni tunaitana. Nani atamwita, na nani atamwitikia?"

Mwinyikombo keshafika chini. Kacheka. "Ndege tu huyo!"

Semeni nyie.

"Ndege tu huyo!"

Ee. Ni rahisi kusema, sivyo?

Kafika nyumbani, kachukua tenga la kubebea kuku, kamtia kasuku, kalitundika mlangoni. Tenga dogo, hata kunyoosha bawa hawezi. Mle ndani wakamtupia ukoko wa ugali, wakamtupia kichwa cha dagaa, chumvi tupu. Mwinyikombo akamfunza neno. Kamfunzaje? Kamnyima chakula. Anasimama nje, anapiga hodi. Kasuku kimya, hapati. Hodi! Kimya, hapati. Tumbo likamuuma mpaka siku hiyo akatoa sauti, "Karibu!" Akapewa karanga moja.

Basi kasuku akajua hivyo. Likija hodi, nikisema karibu, napata karanga, napata na mtu wa kunitazama usoni. Neno jingine hana. Nani kamfunza jingine?

"Hakuna!"

Mwanzo watu wakaja, wakapiga hodi, wakajibiwa, wakacheka. Halafu wakazoea. Halafu wakaacha. Kisha mpunga ukaanza kuiva, na mpunga ukiiva mnajua kazi yake.

"Kuamia ndege!"

Kuamia ndege. Alfajiri Mwinyikombo na Kidawa, mtoto mgongoni, wanakwenda kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, wanapiga makopo, wanatupa mawe, ndege wasile mpunga. Kutwa nzima wanapigia kelele ndege wa watu, na ndege wao kaachwa mlangoni, hana hata wa kumzomea nyoo. Yeye anaita. Hakuna anayeitika. Anaita. Hakuna. Basi akashusha mdomo kifuani, akang'oa unyoya. Tup! Ukaanguka. Akang'oa mwingine.

"Tup!"

Na mwingine.

"Tup!"

Si mchezo huo, Faki, usicheke. Kidawa kaona manyoya chini. "Baba Mashavu, huyu ndege anajinyonyoa." Mwinyikombo kasemaje?

"Ndege tu huyo!"

Sasa siku hiyo, jua kali, kijiji kitupu, akapita Fisi. Hana nia mbaya kubwa, anapita tu, mate yanamdondoka kama kawaida yake. Kaona nyumba, kaona banda. Akajisemea, acha nibahatishe.

"Hodi!"

Kasuku kusikia hodi, roho ikamruka. Mtu! Mtu kaja! "Karibu! Karibu!"

Fisi mwenyewe kashangaa. Kapiga goti, kaingia, kachukua kuku aliyekuwa anaatamia, kaondoka. Kasuku anamtazama mgongo. Karanga hakupewa.

Jioni Mwinyikombo kaona mayai yamepoa. Kafuata nyayo mpaka pangoni kwa Fisi.

"Mwizi wee!"

"Mwizi mama yako," akasema Fisi. "Mimi nimepiga hodi. Nimekaribishwa. Tena mara mbili! Nyumba yako ina ukarimu, Mwinyikombo, endelea hivyo hivyo."

Mwinyikombo karudi na hasira zake, kalishika tenga, kalitikisa, kalitikisa, ndege ndani anagonga huku na huku. Kidawa akamshika mkono. "Unampigia nini? Neno lenyewe umempa wewe. Mpe jingine!"

"Saa ngapi? Mpunga unaliwa!"

Kesho yake, dungu. Kasuku peke yake. Akang'oa unyoya.

"Tup..."

Akang'oa mwingine.

"Tup."

Mbona sauti zimeshuka? Haya. Fisi naye alilala hakulala. Jua lilipopanda tu huyo hapo mlangoni, leo kajipangusa mdomo kabisa.

"Hodi wenyewe!"

Kasuku alimjua. Ndege si mjinga, sauti alishaijua, na tenga lilivyotikiswa alikuwa bado anaumwa. Lakini kutwa nzima ni yeye na inzi. Bora Fisi kuliko kimya. Akasema nini?

"Karibu..."

Karibu, karibu. Fisi akaingia, akatoka na mbuzi wa maziwa.

Kidawa kurudi, kaona kamba imelala chini haina mbuzi, hakulia. Alikaa kizingitini akahesabu kwa moyo wake: kuku, kisha mbuzi, kisha nani? Akamtazama Mashavu. Usiku ule mtoto kawaka homa, jua la dungu lilikuwa limempiga kichwani. Shambani tena hawezi kwenda. Na nyumbani je, na mlango wenyewe ni ule unaosema karibu?

Mwinyikombo kaleta kisu. "Namchinja."

"Utamchinja kwa kosa lipi?" Aliyesema hivyo ni mama yake, Bi Mize, wamemwita kutoka kijiji cha pili aje akae na mjukuu. Kizee mnene, masikio yake mazito, basi naye akizungumza utadhani anaita ng'ambo ya mto. Kalisogelea tenga, kachungulia. "Lo! Kuku gani huyu, mmemnyonyoa mkasahau kumpika?"

"Kasuku, mama."

"Nini?"

"KASUKU!"

"Mbona yuko uchi?"

Hapo Mwinyikombo hakusema ndege tu huyo. Mbele ya mama yake aliona haya.

Bi Mize kalichukua tenga, kaenda nalo jikoni anakokaa na mtoto. Kakata kamba za tenga, kalifungua. Ndege katoka anajikokota, kifua kitupu, kimekunjana kama goti langu hili. Bi Mize kamwekea papai, kamwekea kunde mbichi, kamwekea maji safi kwenye kifuu. Kisha kikongwe kakaa kusema. Masikini, kwake kwenyewe nani alikuwa anasema naye? Mtu akiwa kiziwi watu wanachoka, wanasema ndiyo ndiyo, wanaondoka. Basi akapata mwenzake. Kamweleza kasuku habari za harusi yake, za jino lake lililong'oka kwa muwa, za marehemu mumewe aliyekoroma mpaka mbwa wanabweka. Mtoto akilia, anambembeleza kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto:

"Lala, mwana, lala,
baba hajatoka, lala,
mkuki anaunoa, lala,
mwenye meno atajua, lala."

Kasuku anageuza kichwa. Anasikiliza. Ile siku, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakuna anayemnyima karanga. Unyoya hakung'oa.

"Hata mmoja, Bibi?"

Mmoja aliushika kwa mdomo. Akauacha.

Ikafika siku. Kidawa yuko juu ya dungu, mkono unapiga kopo, moyo uko nyumbani. Kuinua macho, kule kwenye tuta, anaona kitu kinakwenda kijijini. Madoadoa mgongoni. Mate yanang'aa juani.

"Fisi!"

Fisi. Kidawa kajitupa chini kutoka dunguni, kanga imebaki kwenye mti, anakimbia. Mwinyikombo kachukua jiwe, anafuata nyuma. Lakini Fisi kishafika. Na ndani, Bi Mize usingizi umempitia, kinywa wazi. Hata angekuwa macho, hodi asingeisikia. Mashavu yuko mkekani, anatikisa vidole vyake.

"Hodi!"

Kidawa kaisikia hodi akiwa kwenye migomba. Anakimbia na sikio lake liko mlangoni. Anaomba, kimya, Mola wangu, leo nipe kimya.

"Hodi, nyumba ya wakarimu!"

Haya, wanangu. Kasuku kasikia. Kainua kichwa. Kafungua mdomo. Semeni!

...

Semeni basi! Mbona hamsemi?

"Hatusemi, Bibi!"

Mkasi?

"Mimi sisemi. Ataingia!"

Ee. Na yeye hakusema. Fisi kapiga hodi ya tatu, kwa nguvu, mpaka Mashavu kashtuka, kaanza kulia. Kasuku kusikia mtoto analia, akamrukia pale mkekani, akasimama kando yake, na ile sauti nene ya Bi Mize ikatoka kwenye kile kimwili kisicho na manyoya:

"Lala, mwana, lala! Baba hajatoka, lala! Mkuki anaunoa, lala! Mwenye meno atajua!"

Fisi meno yakamwasha yote. Baba hajatoka? Mkuki? Hakungoja kuujua ubeti wa pili. Kageuka, kapita katikati ya Kidawa na Mwinyikombo bila kuwaona, jiwe likampata la mgongo, na ndiyo maana mpaka leo anakimbia nyuma kumeshuka.

Kidawa kaingia. Mtoto huyu hapa. Bi Mize anakoroma. Ndege anaimba. Kakaa chini, sasa ndiyo akalia.

Kesho yake Mwinyikombo alimchukua kasuku kwa mikono miwili, karudi naye msituni, chini ya ule mti.

"Mama wa ndege, mwanao huyu."

Ndege mama kamtazama kifua. "Wangu alikuwa na manyoya. Huyu atarukaje? Rudi naye. Akiota mbawa, mlete."

Mabawa yaliota kidogo, kuruka hayakutosha. Kifua hakikuota tena kamwe. Unyoya ukishang'olewa sana shina linakufa, haurudi kwa pole wala kwa papai. Basi Mwinyikombo alimweka nyumbani, akamjengea nyumba ya fito, pana, haina mlango. Na msimu wa kuamia ulipofika kila mwaka, lazima mmoja abaki nyumbani wa kusema naye. Mpunga mwingine ukaliwa. Hakunung'unika.

Bi Mize akafa. Kasuku yuko. Mwinyikombo akafa, naye alidhani mvua mbili, tatu! Kasuku yuko. Kidawa akafa. Mashavu akawa mama, akawa bibi, akawa kizee kama mimi, haoni, anaogopa usiku. Na usiku ukimzidi, anasikia kando ya kitanda sauti nene ya bibi yake, aliyezikwa hata kabla yeye hajajua kutembea:

"Lala, mwana, lala."

Naye analala.

Ndiyo hivyo, wanangu. Mdomo ukiufuga una njaa mbili, ya chakula na ya maneno. Ukiulisha moja ukasahau ya pili, utaitika popote, hata kwa mwenye kukula.

"Bibi."

Sema, Mkasi.

"Kasuku anakula nini?"

Ahaa. Hilo ni swali la kwanza. Yako mengine mawili nyuma yake, yale ya mama wa ndege, nenda nayo kitandani, kesho usinijibu, hata kesho kutwa usinijibu. Hadithi yangu imekaa, imesema, sasa imenyanyuka kwenda zake. Na nyie nyanyukeni.