Sange na Kidani cha Bibi Harusi Twiga

"Ngano hiyoo!"

"Ije, tuione!"

"Ina uongo ndani!"

"Mwaga tu, tutauchuja wenyewe!"

Haya, sogeeni. Alikuwapo Sange, kile kinyama cha pua ndefu, mdogo kuliko panya buku na mbishi kuliko ninyi nyote hapa. Tangu utotoni yeye ni kusuka tu. Akipata maganda ya mahindi, anasuka mwanasesere. Akipata majani ya mgomba, anamsukia mwanasesere kofia. Mama yake anamwita akateke maji, yeye anasuka. Alipokua akasema, "Mama, kazi yangu ndiyo hii. Nitasuka ninavyobuni mwenyewe, kwa jina langu mwenyewe."

Shida ilikuwa Kiboko. Msitu mzima ulikuwa na duka moja la ukili, vitu vya kusukwa kwa majani ya mkindu, na duka lilikuwa lake.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimeleta mkeka."

"Marahaba. Mkono wako bado mchanga. Uache hapa niutazame."

Kesho yake mkeka uko dukani, umepigwa chapa ya unyayo wa Kiboko: pwaa!

Akaleta kikapu. "Mkono bado mchanga. Kiache hapa." Kesho yake, unyayo: pwaa!

Sange alilia kwa hasira, wala hakujificha. Kiboko akamwambia, "Nakupa nafasi moja tu. Keshokutwa Twiga anaolewa, anataka kidani cha ukili cha kujaza shingo yote. Ukishindwa, utakuja kunichania miyaa, hayo majani ya kusukia, maisha yako yote."

Sange akajifuta machozi. Akasuka, chwi chwi chwi, rangi tatu, mizunguko arobaini. Ila ncha ya mwisho hakuifunga. Aliichomeka tu, akakipeleka.

"Mkono bado mchanga," akasema Kiboko. "Kiache hapa." Unyayo: pwaa!

Siku ya harusi Kiboko kajaa mbele ya wageni. "Nimesuka mimi, kwa mikono hii!"

Twiga akainama kuwaamkia wakwe. Fyuuu! Kidani kikaanza kufumuka, mzunguko baada ya mzunguko.

"Fundi, kamata!" wageni wakapiga kelele.

Kiboko akakamata. Kacha! Kakata. Akakamata tena. Kacha! Bibi harusi machozi yanamlengalenga.

Ndipo Sange akajitokeza, sindano mkononi. "Shikamoo, Mzee. Nikusaidie?"

"Nisaidie upesi!"

"Niimalizie kazi ya nani?"

"Ya... yako."

"Mzee, wageni wa nyuma hawajasikia."

"YAKO! Na mkeka ni wako! Na kikapu ni chako!"

Chwi chwi chwi, Sange akaunga palipokatika, akafunga ncha, kidani kikarudi shingoni. Vigelegele! Kabla wali haujapakuliwa, Swala kaagiza pazia, Nyumbu kaagiza kofia, na wote walimwagiza Sange mwenyewe, usoni pake.

Ngano imekwenda zake, koo langu limekauka, nani ana maji? Na funzo lenu ni hili: watoto, acheni kuchezea maganda ya mahindi. Mtakuja kukua mfanye kazi mnayoipenda, bila bosi wa kuwafokea kila asubuhi. Mnaitaka aibu hiyo?