Nyota Zilizoitikia Majina

Hapo zamani za kale, wanangu, na mbona mnajibana hivyo nami bado sijasema kitu? Aliishi Bi Komba, mjane, na watoto wake watatu juu ya mkwaju. Watu husema fulani amelewa kama komba. Huyu hakuwa ameonja hata tone, lakini jioni hiyo alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Chui alikuwa ametuma salamu: "Leo giza likiingia nakuja. Niwekee mtoto mmoja, mnono."

Ilikuwa miezi ya joto, mbingu haina wingu, nyota zimejaa tele. Bi Komba akawapandisha wanawe matawi ya juu, penye giza.

"Fumbeni macho. Chui akiita jina, aitike mmoja tu, kisha afumbue macho. Mkubwa kwanza. Umesikia, Chausiku?"

"Nimesikia, mama," akanong'ona kitindamimba.

Kacha! Kijiti kikavunjika huko chini.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Chui. Joto hili! Nimekutandikia mkeka uani. Jilaze utazame nyota, nami nimwandae mtoto."

Mgeni hakatai mkeka. Chui akajilaza chali, akanguruma kwa raha.

"Lo! Leo ni nyingi kweli."

"Ndio wale uliowala," Bi Komba akasema polepole. "Kila mmoja ana nyota zake mbili. Ukimwita, huitika."

"Kwa! kwa! kwa! Una mambo wewe mwanamke!" Chui akacheka. "Haya. Digidigi wa Bondeni!"

Huko juu, sauti nyembamba ya kitoto: "Labeeeka!" Nyota mbili nyekundu zikafunguka.

Mkia wa Chui ukaacha kucheza. "Pelele wa Majabalini!"

"Labeeeka!" Nyota mbili nyingine, karibu zaidi.

"Ka... Kanga Madoa!"

"Labeeeka!"

Jasho likamtoka Chui chururu. Lakini aone haya mbele ya mjane? Thubutu! Akapaza sauti: "Basi na aitike mumeo, niliyemla masika yaliyopita!"

Moyo wa Bi Komba ukapiga pa! Watoto ni watatu tu, na wote walikuwa wameshaitika.

Juu sana, kupita tawi la mwisho, sauti nzito ya kiume ikasema taratibu: "Naam."

Chui hakuaga. Puruuu! Akakurupuka akijigonga kwenye miti, mkeka umemnasa mguuni, wala hakuonekana tena upande ule.

Watoto wakashuka mbio.

"Mama," akauliza Chausiku, "umewezaje kuitika kwa sauti ya baba?"

Bi Komba aliwakumbatia wanawe huku anaogopa na huku anafurahi, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

Aliyemla mnyonge asidhani amemnyamazisha.